Kiganja Juu ya Meza

Kama uko nyumbani na kuna meza karibu, kaa jirani nayo, maana baada ya dakika chache nitakuomba kitu kidogo. Kama uko barabarani unaendesha, wewe sikiliza tu, mikono ibaki kwenye usukani.

Leo nazungumzia gemu za mbio za magari. Najua wapo wazee wenzangu ambao mkono tayari umekwenda kubadili stesheni. Subirini kidogo. Hata mimi nilikuwa upande wenu mpaka Desemba iliyopita, nilipopanda Lushoto kumsalimia dada yangu. Nikamkuta mwanawe amefungua kibanda cha gemu karibu na soko: televisheni mbili, mashine mbili, na usukani mmoja wa plastiki uliokazwa kwa skrubu kwenye meza ya mbao. Akaniambia, "Mjomba, wewe si dereva? Hebu kaa hapa." Vijana wakajazana nyuma yangu.

Mimi nimeendesha gari miaka 31. Zile kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto nimezipita usiku, nimezipita kwenye ukungu, nimezipita nyuma ya lori la mbao lisilo na taa hata moja. Siku ile, kwenye barabara ya changarawe iliyomo ndani ya televisheni, kona ya kwanza niliivuka, ya pili ikanitupa kwenye mti. Nikarudia. Mti ule ule. Mara ya tatu nikaenda mwendo wa bibi harusi, na bado gari likanizunguka. Vijana walicheka mpaka wakashikana. Mpwa wangu, kwa huruma, akanifariji kwa maneno ambayo ndiyo yaliyonileta mbele ya maikrofoni leo: "Usijali, mjomba. Hii ni ngumu kwa sababu ni ya kweli."

Maneno hayo nimeyatafuna miezi kadhaa, na mwisho nimeyatema. Gari la kweli si gumu namna ile. Lingekuwa gumu namna ile, asubuhi hii nusu ya mji isingefika kazini.

Sasa ile meza. Weka kiganja chako juu yake, kiwe kikavu, kibonyeze kwa nguvu kiasi. Sukuma mkono mbele polepole, polepole sana, lakini usiuache uteleze. Umeona? Mkono umesogea, ila ngozi bado imeng'ang'ania pale pale. Imevutika. Ongeza nguvu kidogo. Inavutika zaidi, na unaisikia kabisa inavyokaribia mwisho wake. Ongeza tena: sehemu moja ya kiganja inaachia, halafu nyingine, halafu mkono wote unaserereka. Na ukishaanza kuserereka, kuusukuma kunakuwa kwepesi kuliko pale mwanzo.

Hicho ulichokifanya ndicho tairi linachokifanya kwenye kona. Sehemu ya tairi inayogusa lami ina ukubwa wa kiganja hicho, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Gari zima, na mizigo yake na shangazi zako wote ndani, limesimama juu ya viganja vinne. Ukikata usukani, mpira unajipinda kwanza. Tairi linaangalia huku, gari linaelekea kule, tofauti ya nyuzi chache tu, na ni ndani ya tofauti hiyo ndogo ndimo inamozaliwa nguvu ya kulikunjisha gari kona. Nyuzi 2, nguvu inapanda. Nyuzi 5, bado inapanda. Mbele kidogo ya hapo, kwa tairi la kawaida kwenye lami kavu, inafika kileleni, kisha inaanza kupungua. Haidondoki kama embe bivu. Inateremka kama mtu anayeshuka kilima akiwa na mzigo. Mhandisi Mholanzi Hans Pacejka, wa Chuo Kikuu cha Delft, aliuandika mwinuko huo na mteremko wake kwa hesabu iliyobatizwa fomula ya ajabu, kwa sababu haikuelezi kwa nini tairi linafanya hivyo, lakini jibu lake linalingana na vipimo. Watengenezaji wengi wa gemu wameiazima hesabu hiyo.

Kisha kuna uzito. Dereva wa daladala akikanyaga breki, abiria wote wanainama mbele, na uzito wa gari umeinama pamoja nao. Matairi ya mbele yanabonyezwa chini, ya nyuma yanakuwa mepesi. Ndiyo maana ukishtuka ukapiga breki katikati ya kona, mkia wa gari unataka kukupita. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani anaijua fizikia hii kuliko wahandisi wengi: hageuki ghafla, anaanza na bega, anayasubiri maji yatulie, ndipo anageuka.

Basi, gari la pale kibandani lilikuwa na kasoro mbili, na gemu yenyewe siitaji jina. Kwanza, ule mvutiko wa ngozi haukuwamo. Kulikuwa na kushika na kulikuwa na kuteleza, kama swichi ya taa, hakuna katikati. Pili, gari lilizunguka kama sinia lililopigwa msumari katikati. Gari halisi linapokata kona, pua ndiyo inayoanza, mkia unafuata, na wewe uliyekaa ndani unausikia mwili wa gari ukiegemea upande mmoja. Lile halikuegemea popote. Ugumu wake ulikuwa ugumu wa kufungua mlango gizani usijue bawaba ziko upande gani.

Nikaanza kuuliza, nikaanza kucheza kila nilipopata nafasi, mke wangu ni shahidi. Na nikajikuta narudi kwa watu wawili ambao sisi wa umri huu tuliwafahamu kwa vumbi kabla ya gemu: Colin McRae, Mskoti, na Richard Burns, Mwingereza. Kati ya mwaka 1997 na 2002, Safari Rally ya Kenya iliendeshwa mara 6, na mara 5 mshindi alikuwa mmoja wao. McRae mwaka 1997, 1999 na 2002. Burns mwaka 1998 na 2000. Ni mwaka 2001 tu alipopenya Mfini Tommi Mäkinen. Kwa Burns, ushindi ule wa 1998 ulikuwa wa kwanza kabisa katika mashindano ya dunia. Kwa McRae, ule wa 2002 ulikuwa wa 25, na ukawa wa mwisho. Mmoja alianzia Kenya, mwenzake akaishia Kenya. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki: Burns kwa maradhi mwaka 2005, McRae kwa ajali ya helikopta mwaka 2007.

Walikuwa watu wa tabia mbili. McRae alilirusha gari, na kuna siku lilirudi limebebwa. Burns alipiga hesabu, akalitunza gari, akasubiri wengine wavunje yao. Na kila mmoja ana gemu yenye jina lake. Ukizicheza zote mbili utadhani gemu zenyewe zimerithi damu.

Colin McRae Rally ilitoka mwaka 1998, kazi ya kampuni ya Codemasters ya Uingereza, kwa PlayStation ile ya kwanza na kwa kompyuta. Sauti ya msomaji njia ni ya Nicky Grist, aliyekaa kweli kiti cha pembeni cha McRae. Gari lake ni jepesi mno, kama limejazwa sufi. Ukivuta breki ya mkono, mkia unazunguka. Ukikanyaga mafuta, linajinyoosha. Mtoto anaimudu kwa nusu saa. Mwalimu wa fizikia angeijaza alama nyekundu. Lakini, msikilizaji, kuserereka kwake kuna mwanzo, kuna katikati, kuna mwisho. Unakuona kunakuja. Unapata muda wa kufanya kitu.

Richard Burns Rally ilitoka mwaka 2004, ya studio ya Warthog, hiyo nayo ya Uingereza, na fizikia yake iliandikwa na Mfini Eero Piitulainen. Humu hakuna ndugu. Ndani yake kuna hata shule ya rali, unafundishwa breki, uzito na kona kama mtoto wa chekechea. Nilipokaa kuicheza mara ya kwanza nilijiandaa kwa fedheha nyingine, na fedheha niliipata. Ila kulikuwa na tofauti iliyonifanya niite chai nyingine na kuendelea: kila nilipoanguka nilijua kwa nini. Hapa nimechelewa breki. Pale nimeachia mafuta ghafla, mkia ukawa mwepesi. Pale nimekata usukani mara mbili kwa kona moja. Usiku ule nilianguka mara nyingi kuliko kule Lushoto, na nilikwenda kulala nikitabasamu.

Kilichonikamata zaidi ni changarawe. Kwenye lami, tairi linashika kwa kujipinda kidogo, kama ile ngozi ya kiganja. Kwenye changarawe linachimba. Linapokwenda kiubavu linajikusanyia kokoto upande wake, na rundo lile ndilo linalolisukuma gari lirudi ndani ya kona. Kwa hiyo kilele cha nguvu kinahitaji pembe kubwa zaidi. Kwenye changarawe, gari lililonyooka vizuri katikati ya kona kali huenda ndilo linaloelekea mtaroni. Dereva wa rali analiweka upande kwa makusudi. Na ili liende upande, analiyumbisha kwanza kinyume cha kona, kisha analirudisha, na uzito unalifagia mkia. Ni kama kurusha jiwe: mkono unarudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Katika Burns ukifanya hivyo, gari zito linaanza kuzunguka, halafu inabidi ungoje. Ungoje huku mti unakuja. Ukilisahihisha mapema limekataa kona, ukichelewa limekugeuza. Kungoja huko, zile sehemu ndogo za sekunde, ndiko raha yote ya gemu hizi ilipo. Mwenye kibanda anaweza kukuuzia picha za kupendeza na ngurumo za injini. Kungoja kule hakuuzwi, kunatoka kwenye hesabu nzuri tu. Imepita miaka 20 na ushei tangu gemu ile itoke, na wapenzi wake bado wanaitengenezea barabara mpya na magari mapya kwa mikono yao wenyewe.

Lakini na Burns naye ananinyima kitu, ingawa kosa si lake. Madereva wana msemo kwamba gari huendeshwa kwa makalio, samahani kwa walio mezani. Ni kweli tupu. Mkia ukianza kutoka, nyonga inajua kabla ya jicho. Kiti kinakusukuma, shingo inavutwa, tumbo linapanda. Televisheni haina nyonga. Sasa chukua gari ambalo hesabu zake zote ni sahihi, kisha mnyang'anye dereva mwili wake, umwachie macho na vidole. Umempa gari gumu kuliko gari halisi! Lililo sahihi kwenye karatasi limekuwa la uongo kwenye kiti.

Hapo ndipo mtengenezaji wa gemu anapogeuka mkalimani. Kile ambacho nyonga ingekisikia, akipeleke sikioni, kwa mlio wa tairi unaobadilika kabla halijaachia. Akipeleke mikononi: ule usukani wa kibandani una mota ndani yake, na kazi ya mota si kuitikisa meza kama watu wanavyodhani. Katika gari halisi, matairi ya mbele yanapokaribia kuchoka, usukani unakuwa mwepesi kabla hayajaachia. Ni onyo. Gemu nzuri inaleta wepesi ule ule, na dereva mzoefu akiusikia tu, mguu wake umeshapunguza mafuta kabla ya akili kujua.

Mwenye pedi je? Kidole gumba kinasukuma kijiti kwa mwendo wa sentimita moja hivi. Usukani wa gari la kawaida unazunguka zaidi ya mara mbili kamili kutoka kushoto mpaka kulia. Kidole kingetiiwa kama kilivyo, kila gari lingepinduka kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo ndani ya gemu amri ya kidole inapunguzwa kasi, na inapunguzwa zaidi gari likiwa mbioni. Huo ni uongo, na mimi naubariki. Mkalimani anayetafsiri neno kwa neno tunamjua hasara yake.

Uongo nisioubariki ni ule wa kunishikia usukani kwa siri. Gari linakwenda kombo, mimi nimeshakosea, nalijua kosa langu, mara linajirudisha lenyewe barabarani kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Nimeshinda, lakini aliyeendesha ni nani? Msaada uandikwe kwenye orodha, niuwashe na kuuzima mwenyewe. Ukifichwa, na juu ya kasha pameandikwa "halisi", nimeibiwa.

Ndiyo maana nawatetea wale wa zamani wanaodharauliwa. OutRun ya Sega, ya Yu Suzuki, mwaka 1986: Ferrari nyekundu, bahari, upepo kwenye nywele. Pale hakuna tairi wala springi wala shokapu. Kona inakuvuta nje, wewe unajivuta ndani, basi. Sheria moja, haibadiliki, na hakuna aliyekudanganya kwamba ni kitu kingine. Ridge Racer ya Namco, 1993: achia mafuta, kata, kanyaga tena, gari linaserereka kona nzima kama liko kwenye sabuni. Mtoto wa miaka 7 ameielewa. Mchezo wenye sheria za kubuni lakini zisizoyumba naupa heshima kuliko ule wenye sheria za kweli zinazotekelezwa kwa upendeleo.

Na kuna Gran Turismo ya Kazunori Yamauchi, iliyotoka Japani Desemba 1997, ikauzwa zaidi ya nakala milioni 10. Wababe wa usukani na pedali huibeza toleo baada ya toleo: laini mno, ya watoto. Haya, mwaka 2011 kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, alishinda shindano la kuwatafuta madereva kupitia gemu hiyo hiyo, akafundishwa kwenye magari halisi, na mwaka 2013 timu yake ikashika nafasi ya 3 katika daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans. Sokoni kulikuwa na gemu ngumu kuliko ile. Haikuwa lazima awe amepitia iliyo ngumu kuliko zote. Ilitosha kuwa ile aliyoicheza ilimfundisha uzito unahama lini.

Turudi Kenya, maana kuna kioja. Safari Rally ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, na ikapangwa kurudi mwaka 2020, safari hii Naivasha. Corona ikafunga njia. Septemba ya mwaka huo huo ikatoka gemu ya WRC 9 yenye barabara za Kenya ndani yake. Kwa hiyo vijana wa Ulaya walikuwa wanakula vumbi la Naivasha kwenye makochi yao miezi tisa kabla ya magari halisi ya ubingwa kufika Juni 2021. Baadaye Codemasters, wale wale wa McRae, wakaiweka Safari kwenye gemu yao ya mwaka 2023.

Nimeiendesha Safari ya gemu. Picha ni nzuri, miti ya migunga ipo, na pale mashimo yanapofuatana nilijikuta nauma meno. Lakini vumbi la kule si la kupamba picha. Ni unga mlaini kama ngano, wanauita feshifeshi, unalala juu ya mifereji na mawe, hujui ulichokikanyaga mpaka ukikanyage. Unaingia ndani ya injini na kuikaba. Gari la kwanza linaikuta barabara moja, la kumi linaikuta nyingine kabisa. Codemasters waliwahi kuligusa jambo hilo kwenye DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019, ambamo barabara inazidi kuchimbika kadiri magari yanavyotangulia mbele yako, na ni mawazo ya aina hiyo ningependa yaendelezwe kuliko kuongeza majani kwenye miti.

Na kama nia yako ni kuona ardhi inayojibu, acha mbio kabisa, tafuta Spintires ya mwaka 2014. Malori ya Kisovieti, tope, misitu. Tairi likizunguka, tope linachimbika mbele ya macho yako na linabaki limechimbika. Unakwenda mwendo wa konokono, unafunga waya kwenye mti, unajivuta. Niliicheza saa mbili nikasogea pengine kilomita moja, na nikawakumbuka madereva wa malori waliolala njiani siku tatu wakati wa masika. Sijawahi kufurahia uchovu kiasi kile.

Sasa niwaombe jambo wenye vibanda vya gemu, na wazazi mlioweka mashine hizi sebuleni. Mgeni msimkalishe kwenye gari la nguvu farasi 500 ili mumcheke. Mpeni gari dogo, bovu kidogo, lenye kuendeshwa kwa matairi ya mbele. Misaada iwashwe yote, kisha zimeni mmoja kila siku, wa breki uwe wa mwisho. Na msimwambie imemshinda kwa sababu ni ya kweli. Mwulizeni: kabla gari halijaondoka, ulisikia nini? Akijibu "sikusikia kitu", badilisheni gemu, au tazameni kwanza kama usukani wenu umechomekwa vizuri. Ule wa mpwa wangu, tuligundua wakati wa Pasaka, waya wa mota ulikuwa umekatika tangu siku aliponunua.

Ameshauunga. Bado ananishinda Naivasha kwa sekunde 14, na ule mti wa kona ya pili bado naugonga mara moja moja. Nikiugonga, vijana wananigeukia wanangoja, na mimi nawatajia kosa langu kabla hawajacheka.